Roboti Iliyotulia Si Roboti Iliyozimwa

Mwezi huu safu ya Kazi na Mitambo inajibu barua tano zilizotufikia kutoka Njeru, Namanve, Mukono, Tororo na Kampala, hapa Uganda. Majina ya waandishi na ya viwanda vyao tumeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa wanaohusika bado wako kazini. Barua nyingine tumezifupisha.

Swali kutoka Njeru

Mhariri, salamu. Ninaendesha mashine katika kiwanda cha vinywaji ambako tuliletewa roboti ya kupanga kreti juu ya palati. Imezungushiwa uzio wa wavu wenye mlango mmoja. Kreti ikikaa upande, roboti husimama, nasi huingia kuiondoa. Mlango ukifunguliwa roboti huzimika kabisa na ni lazima aitwe fundi wa kuiwasha, kwa hiyo msimamizi wetu alituonyesha upenyo ulio pale mkanda unapoingilia, ambapo mtu mwembamba hupita akiinama. Majuzi mwenzangu alikuwa ndani, ameshika kreti, mara mkono wa roboti ukaanza kwenda. Ulimkosa kwa shubiri moja. Fundi aliikagua akasema haina hitilafu yoyote. Inawezekanaje?

Jibu

Ndugu yetu wa Njeru, fundi wenu amesema kweli, na ukweli wake ndio unaopaswa kuwatia hofu. Roboti iliyokuwa mbele ya mwenzako haikuwa imezimwa wala haikuwa imeharibika, ilikuwa inangoja. Kwenye mkanda wenu pana sensa inayoiarifu roboti kwamba kreti imefika mahali pake, na kreti isipofika, au ikikaa upande, mkono hubaki palepale ulipofikia, mota zikiwa na umeme na programu ikiwa imesimama katikati ya sentensi, kama mtu aliyenyamaza ili umalize kukohoa. Mwenzako alipoiweka sawa ile kreti, au pengine kiwiko chake tu kilipoukatiza mwanga wa sensa, aliipa roboti ishara iliyokuwa ikiisubiri, nayo ikaendelea na kazi kwa kasi yake ya siku zote.

Kisa cha namna hii ni kikongwe. Tarehe 25 Januari 1979, katika kiwanda cha kusubu vyuma cha Ford huko Flat Rock, Michigan, nchini Marekani, kijana wa miaka 25 aitwaye Robert Williams alipanda kwenye rafu za ghala kuchukua vipuri kwa mikono yake, kwa sababu mashine iliyopaswa kuvileta ilikuwa haifanyi kazi ipasavyo. Mkono wa roboti ulimpiga akafa, na mwaka 1983 mahakama iliamua familia yake ilipwe dola milioni 10, kwa kuwa hatua za kumlinda mfanyakazi hazikutosha. Mwaka 1981, mjini Akashi, Japani, Kenji Urada wa kampuni ya Kawasaki aliingia kuangalia roboti iliyokuwa na tatizo. Uzio wa roboti ile ulikuwa umeundwa ili ukifunguliwa umeme ukatike. Yeye hakuufungua, aliuruka. Sasa utazame upenyo mnaoutumia ninyi, uone kama una tofauti yoyote na kuruka uzio.

Utaratibu wa kuingia katika kizimba cha roboti haubadiliki kwa sababu kazi ni ndogo. Kwanza roboti husimamishwa kwenye paneli, ikiachwa imalize mzunguko wake. Kisha mlango hufunguliwa na yule anayeingia huchukua ufunguo wa mlango na kuutia mfukoni mwake, asije mtu mwingine akaufunga mlango akidhani ndani hamna mtu. Ikiwa kazi yenyewe inahitaji mwili mzima uwe ndani, au inagusa mkono wa roboti wenyewe, swichi kuu huzimwa na kufungwa kwa kufuli, na kila mtu anayeingia hutia kufuli lake mwenyewe lenye jina lake na ufunguo mmoja tu. Watu watatu wakiingia, makufuli ni matatu. Msimamizi hana ufunguo wa akiba, na huo ndio utamu wa kufuli: halisikilizi cheo.

Baada ya kufuli, zipo nguvu nyingine ambazo swichi haiziondoi. Hewa iliyoshindiliwa kwenye mipira ya kishikio, yaani kile kinachoshika kreti mwishoni mwa mkono, inabaki na shinikizo hadi vali ifunguliwe na geji isome sifuri. Kapasita, yaani vihifadhi umeme vilivyo ndani ya kabati la umeme, hubaki na chaji, na kibandiko kilichomo kwenye mlango wa kabati hueleza zisubiriwe dakika ngapi. Mkono wenyewe una uzito, na ukiachwa umenyanyuliwa juu huku umebeba kreti, kinachoushikilia ni breki tu. Mwisho kabisa, kabla ya kuingiza kichwa, mtu abonyeze kitufe cha kuwashia aone kama kuna kitu kinachocheza. Jaribio hilo huchukua sekunde tano.

Mmezoea pia kukatikatika kwa umeme, nami ningependa niseme neno kuhusu dakika zile za giza kabla jenereta haijashika, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hulegea na wengine huona ni nafasi nzuri ya kuingia kusafisha. Kishikio kinachobeba kwa kufyonza hewa kinaweza kuiachia kreti hewa inapopungua, na kreti ya chupa ikianguka kutoka mita mbili haimwulizi mtu anafanya nini chini yake. Umeme unaporudi, roboti iliyoundwa vizuri hungoja ibonyezwe upya. Lakini mkanda, kompresa na mashine ya kufungia palati huenda havingoji. Giza si kufuli.

Kuhusu ule upenyo, unapaswa kuzibwa, au uwekewe pazia la mwanga linaloisimamisha roboti mtu anapolikatiza. Pazia nalo haliwekwi popote. Viwango vya kimataifa hukadiria kwamba mtu hutembea mita 1.6 kwa sekunde. Roboti ikihitaji nusu sekunde kusimama, mtu ameshasogea sentimita 80, kwa hiyo pazia likae mbali zaidi ya hapo na mkono wa roboti unapofika, pamoja na nyongeza ya urefu wa mkono wa mtu.

Simlaumu mwenzako, na hata msimamizi wenu simlaumu peke yake. Mlango ambao ukifunguliwa unasimamisha kiwanda kwa nusu saa hadi fundi apatikane ni mlango unaowafukuza watu. Ombeni aliyefunga roboti aweke kitufe cha kuirejesha kazini nje ya uzio, mahali ambapo mtu anaona kizimba chote, na waendeshaji wafundishwe kukitumia. Halafu hesabuni kreti zinazokaa upande kwa zamu moja. Nina hakika nyingi zitakuwa zimevunjika pembe, na kreti mbovu zikiondolewa kabla hazijafika kwenye mkanda, haja ya kuingia ndani itapungua kuliko itakavyopunguzwa na onyo lolote ukutani.

Swali kutoka Namanve

Mimi ni mtoa huduma ya kwanza wa zamu ya usiku. Katika mafunzo tuliambiwa mtu akinaswa na roboti tubonyeze kitufe chekundu cha dharura. Niliuliza, baada ya hapo? Mwalimu akarudia: bonyeza kitufe chekundu. Naomba jibu la swali langu.

Jibu

Swali lako ni zuri kuliko mafunzo uliyopewa. Kitufe chekundu chenye mandharinyuma ya manjano ni jambo la kwanza, na kila mtu kiwandani, hata anayefagia, anapaswa kujua vilipo vyote na awe na ruhusa ya kuvibonyeza bila kumwuliza yeyote. Kikibonyezwa hubaki kimeingia ndani mpaka kizungushwe au kivutwe, na kukirudisha hakupaswi kuiwasha mashine. Hata hivyo hakimfungui aliyenaswa. Breki za viungo vya roboti nyingi hubanwa na springi na kuachiwa na umeme, maana yake umeme ukikatwa breki hushika, na mkono uliombana mtu kifuani dhidi ya nguzo utabaki umembana hivyohivyo, sasa ukiwa mgumu kama ukuta. Kitufe humzuia mamba asiume zaidi; taya bado zimefumba.

Kwa hiyo baada ya kitufe mtu mmoja ashike amri, na wengine wote wamsikilize huyo. Mtu wa pili akae na majeruhi, amshike, azungumze naye na amwangalie anavyopumua. Wa tatu apige simu 999 au 112 na atume mtu getini kuwaongoza wanaokuja, kwa kuwa eneo la viwanda usiku lina mageti yanayofanana. Asiwepo hata mmoja atakayekirudisha kitufe kwa haraka ili “roboti isogee kidogo”, kwa sababu programu ikiendelea, hatua yake inayofuata inaweza kuwa ya kusukuma mbele.

Njia za kumtoa ziko tatu, na ipi ianze inategemea kilichombana. Kama ni kishikio peke yake kinachomshika, kukitoa hewa au kulegeza bolti zake mara nyingi ndiyo njia ya haraka, ingawa lazima kwanza ijulikane kwamba kishikio hicho hufunguka kinapokosa hewa, kwani vingine vimeundwa vifumbe ili visiangushe mzigo. Kama ni mkono wenyewe, fundi aliyefundishwa anaweza kuurudisha nyuma kwa ile rimoti ya roboti ambayo mafundi huiita pendanti, katika hali ya kuendesha kwa mkono ambapo kasi haizidi milimita 250 kwa sekunde, kiungo kimoja kimoja, akiwa na hakika ya upande ambao kila kiungo kitaelekea. Asiyekuwa na hakika hiyo asiguse.

Njia ya tatu ni kuachia breki kwa kitufe maalumu kilicho kwenye roboti au kwenye kabati lake. Hapa ndipo watu wema huua. Breki ikiachiwa, kiungo kile hakishikiliwi na kitu tena. Mkono wenye uzito wa mamia ya kilo huporomoka, na kama majeruhi yuko chini yake, unamporomokea yeye. Roboti kubwa nyingine zina springi au mtungi wa gesi wa kusawazisha uzito, na hizo, zikiwa hazijabeba mzigo, zinaweza kuruka juu badala ya kushuka. Basi kabla ya breki kuachiwa, mkono ufungwe mikanda ya kunyanyulia na ubebwe na winchi ya mnyororo au foklifti, kisha iachiwe breki ya kiungo kimoja tu, kwa kuigusa na kuiacha, kuigusa na kuiacha, huku aliyekaa na majeruhi akiruhusiwa kusema “basi” wakati wowote.

Hayo yote hayawezi kufikiriwa kwa mara ya kwanza saa nane za usiku. Chukueni ovaroli kuukuu, mlijaze vumbi la mbao, mlibane kwenye roboti iliyozimwa na kufungwa, kisha mjaribu kulitoa mkiwa na saa mkononi. Mtagundua mambo madogo yenye uzito: kwamba winchi iko karakana na karakana imefungwa, kwamba anayejua pendanti hayuko zamu ya usiku, kwamba bisibisi ya kufungulia kabati ameondoka nayo mtu.

Kwa damu inayotoka kwa wingi, kandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi na usiache kukandamiza ili uchungulie. Kidole kilichokatika kifungwe ndani ya kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kidole kisigusane na barafu yenyewe. Andika saa aliponaswa na saa alipotolewa, kwa kuwa daktari ataiuliza. Gari la kumpeleka hospitali lijulikane tangu mwanzo wa zamu, likiwa na mafuta na dereva wake. Bodaboda zetu hufika popote, lakini mtu aliyepondeka paja hapandishwi bodaboda.

Nikuongezee jambo ambalo vitabu vya mashine haviandiki. Katika zamu moja ya kiwanda chetu cha kawaida utamkuta Mganda, Msoga, Mluo, Mlugbara na msimamizi kutoka India, na vibandiko vya onyo kwenye mashine vimeandikwa lugha ya nchi ilikotoka. Chagueni neno moja la dharura ambalo halitumiki kwa kazi nyingine. “Acha!” halifai, kwa sababu hutamkwa mara mia kwa siku. Viwanda viwili ninavyovifahamu hutumia “Simamisha!”, na anayelisikia hubonyeza kitufe kilicho karibu naye kwanza, kisha ndipo huuliza kulikoni.

Swali kutoka Mukono

Mwanangu yuko chuo cha ufundi na amepangiwa mafunzo ya vitendo katika kiwanda chenye roboti ya kuchomelea. Mimi si mtu wa mashine, ninauza nguo sokoni. Nimwambie nini kabla hajaenda?

Jibu

Mama, mwambie siku ya kwanza aombe aonyeshwe vitufe vya dharura na mlango wa kutokea, na asione haya kuomba. Mwambie asiingie ndani ya uzio bila fundi wake na bila kufuli lake mwenyewe, hata akitumwa kuokota spana, na hata wenzake wakimcheka. Asisimame kamwe kati ya mkono wa roboti na kitu kisichosogea, iwe ukuta, nguzo au meza, kwa sababu mtu aliyesukumwa penye uwazi huanguka, lakini aliyesukumiwa ukutani hupondeka.

Atakapofundishwa kushika pendanti, kuna jambo moja litakalomfurahisha. Nyuma yake pana swichi ya kukamatia yenye hali tatu: ikiachwa, roboti haiendi, ikibanwa nusu, inaenda, ikibanwa hadi mwisho, inasimama tena. Waliounda kifaa hicho waliona kwamba mtu aliyeshtuka hufanya moja kati ya mambo mawili, ama hukiachia kilicho mkononi au hukikaza kwa nguvu zote, wakahakikisha yote mawili yanaisimamisha mashine. Akimwona fundi ameifunga swichi hiyo kwa utepe ili mkono usichoke, basi fundi huyo si wa kumfuata kizimbani.

Na kwa kuwa roboti yake ni ya kuchomelea, awe na kioo cha kukinga macho, ovaroli ya pamba na viatu vya ngozi vyenye ncha ya chuma. Ukimnunulia chochote kutoka sokoni kwenu, kisiwe cha nailoni. Cheche huiyeyusha ikashikamana na ngozi.

Swali kutoka Tororo

Tumeshauriwa tununue roboti ndogo zinazofanya kazi bega kwa bega na watu bila uzio. Muuzaji anasema ni salama kwa asilimia 100. Tumwamini?

Jibu

Aminini mkono, pimeni kilicho mwishoni mwake. Roboti hizo hutambua zinapomgusa mtu zikasimama, na mwongozo wa kimataifa wa ISO/TS 15066 wa mwaka 2016 uliweka mipaka ya nguvu na shinikizo kwa sehemu mbalimbali za mwili. Lakini mkono mpole ulioshika kisu, sindano au bati lenye makali ni kisu, sindano na bati vilevile, na uso wa mtu hauvumilii kile ambacho paja linavumilia. Kinachotathminiwa ni kazi nzima: roboti, kishikio, kitu inachobeba, kasi yake na urefu wa meza ukilinganisha na vichwa vya wafanyakazi wenu. Mwombeni muuzaji awape tathmini ya hatari iliyoandikwa kwa ajili ya kazi yenu. Akikosa kuwapa, bei yake haijakamilika.

Swali kutoka Kampala

Nilikataa kuingia kwenye kizimba cha roboti kabla haijafungwa, nikaambiwa nitafute kazi kwingine. Mwenzangu aliyeingia badala yangu alivunjika mkono, na sasa anaambiwa halipwi fidia kwa kuwa alifanya uzembe. Je, sheria inasemaje?

Jibu

Pole kwako na kwa mwenzako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri achukue hatua za kuwalinda wafanyakazi kwa gharama yake mwenyewe, na inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu kutokea anapokuwa na sababu ya kutosha ya kuamini hivyo. Kwa hiyo kukataa kwako hakukuwa ukaidi.

Kuhusu mwenzako, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 iko wazi kuliko wengi wanavyodhani: fidia hulipwa kwa ajali iliyotokana na kazi hata kama mfanyakazi mwenyewe alikuwa mzembe. Sheria hiyohiyo humhesabu kuwa yuko kazini mtu aliyeumia akijaribu kumwokoa mwingine katika eneo la mwajiri, jambo ambalo ndugu yetu wa Namanve pia angependa kulijua. Neno “uzembe” hutumiwa kuwatisha watu wasidai.

Mwenzako asingoje mkono upone. Aandike leo tarehe, saa, jina la mashine, nani alimtuma na nani walikuwepo, aambatanishe karatasi za hospitali, na barua ya kumjulisha mwajiri aifikishe ikiwa na nakala inayogongwa mhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga mhuri, aende na shahidi. Nakala ya pili aipeleke kwa ofisa wa kazi wa wilaya au wa jiji, kwa kuwa huko ndiko madai ya fidia huanzia, na suala la ile roboti inayoingiliwa bila kufungwa liandikwe katika barua tofauti kwenda kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini iliyo chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ambayo wakaguzi wake wana mamlaka ya kuingia kiwandani na kukagua. Barua hiyo ya pili unaweza kuiandika wewe.